Mzee alikatwa utumbo mpana, sasa hataki kula ili mfuko usijae. Nifanyeje?

Mwana_Bahi

Habari za usiku wakuu, na kwa wa nyumbani mbukwenyi. Mada itakuwa ndefu kidogo mnivumilie, nimetoka kumlaza mzee sasa hivi na kichwa hakijatulia.

Baba yangu ana miaka 64, ni mkulima huku Bahi, mpunga na uwele kidogo, mtu wa kuamka saa 11 maisha yake yote hajawahi kulala hospitali hata siku moja. Wiki saba zilizopita akaamka usiku tumbo linamuuma, tukajua ni kawaida maana jioni alikula ugali na ilende (mlenda wetu wa kigogo) akala sana. Kufika asubuhi tumbo limejaa kama ngoma, ukiligonga linalia kabisa, choo hakuna, hata upepo hautoki. Tukaenda zahanati moja (sitaitaja) wakampa dawa ya minyoo na vidonge vya gesi wakasema arudi nyumbani apumzike. Tumepoteza siku nzima hapo wakuu, nikikumbuka naumia. Kesho yake alfajiri kaanza kutapika, macho yameingia ndani, nikakodi gari tukamkimbiza mjini Dodoma.

Kufika wakapiga eksirei daktari akaniita akanionyesha, utumbo umevimba umejikunja umejaa tumbo zima, akasema unaona hii, inafanana na punje ya buni, utumbo mpana umejisokota damu haipiti, leo leo tunamfungua. Nikaweka saini mkono unatetemeka. Alivyotoka thieta daktari akaja na besini kanifunulia kitambaa, wakuu ule utumbo ulikuwa mweusi kama bilinganya, yani umeoza. Akasema tumekata hiyo sehemu, hatukuunga siku hiyo hiyo kwa sababu tumbo lilikuwa limechafuka na mzee hali yake mbaya, kwa hiyo mwisho wa utumbo tumeutoa nje ya tumbo upande wa kushoto, atapata choo kupitia hapo kwenye mfuko, baada ya miezi mitatu hivi arudi tuangalie kama tunaweza kumuunga.

Mzee kapona, mshono umefunga vizuri tu. Tatizo ni kwamba HALI chakula. Asubuhi nusu kikombe cha uji basi, anakwambia nimeshiba. Nilidhani ni ugonjwa mpaka juzi ndo nikagundua. Kuna mjukuu wake wa miaka minne alisema mbele ya wageni "babu ananuka", watu wakajifanya hawajasikia. Tangu siku hiyo mchana wote hagusi chakula, anaangalia ule mfuko kama mtu anayeangalia moto, usiku watu wakilala ndo anakula tonge mbili tatu. Kwamba asipokula mfuko haujai. Suruali sasa hivi anafunga na kamba. Kanisani haendi, kwenye kahawa na wenzake haendi.

Na harufu kweli ipo siwezi kudanganya, mfuko unavuja vuja pembeni, ngozi ya kuzunguka pale imekuwa nyekundu anasema inawasha. Nanunua mifuko dukani mjini na si rahisi, nabadilisha kila siku sababu inavuja, wakati mwingine mara mbili.

Halafu baba mkubwa kaja na lake, anasema mtu akishakatwa utumbo hadumu, ndo maana hata kula hawezi, na kwamba tukimrudisha kuungwa tunaenda kumuua. Mzee anamsikiliza kaka yake kuliko mimi. Kliniki ni baada ya wiki tano.

Naombeni mwenye uzoefu. Utumbo ukipungua mtu anaishi kweli? Nimlishe nini? Na kuunga ni hatari kiasi gani?

---

Kipara_wa_Kongwa

Dah pole sana mkuu. Hiyo besini ningezimia pale pale. Naweka kambi hapa nami nijifunze.

---

Fundi_Ipagala

Mkuu pole, umenigusa maana hii safari nimeipita mwenyewe mguu kwa mguu.

Mimi nilipata huu ugonjwa nikiwa na miaka 41, nipo gereji chini ya gari tumbo likaanza kujaa. Mimi nilibahatika nilifika mapema, utumbo ulikuwa haujafa, wakaingiza mpira kwa nyuma ule upepo ukatoka wote pwaaa, samahani lakini ndo hivyo, wodi nzima ilisikia. Nikasikia raha ambayo sijawahi kuisikia. Daktari akanambia hapa tumeukunjua tu, utajisokota tena, kaa tukupange operesheni kabla hujatoka. Mimi kwa ujuaji wangu nikasema nipo fiti, nna gari za watu zinanisubiri. Nikasaini nikatoka. Miezi minne baadaye ukajisokota tena nikiwa safarini Manyoni, na safari hiyo sikufika mapema. Nikakatwa, nikaamka na mfuko kama mzee wako. Wanasema utumbo ule wa mwisho kabla ya njia ya haja kuna watu wanao mrefu kupita kiasi, unaning'inia kama kamba ya kubembea ndo unapata nafasi ya kujizungusha, na wanaume ndo tunaopata zaidi. Sasa wakishakata ule urefu uliozidi hauna tena cha kujisokotea. Kwa hiyo baba mkubwa mwambie kwamba alichokatwa mzee ndicho kilichokuwa kinamuua.

Kuhusu kuishi, utumbo mpana wote una kama mita moja na nusu tu, na kazi yake kubwa ni kunyonya maji na chumvi choo kikauke kauke. Chakula chenyewe kinanyonywa kwenye utumbo mwembamba ambao una kama mita sita na mzee wako hajaguswa huko. Mimi nakula ugali, nakula makande, na gari nashusha injini.

Mfuko nilikaa nao miezi mitano. Nakuelewa kabisa hiyo ya kutokula, na mimi nilifanya. Nikawa nashinda na njaa gereji nzima ili nisije nikaaibika mbele ya wateja. Unajua kilichotokea? Tumbo tupu linatengeneza upepo, mfuko unavimba kama puto chini ya ovaroli, halafu unapiga kelele wakati umeinama kwenye bonnet ya mtu. Bora ningekula. Na choo kinatoka hata usipokula, kidogo kidogo, kile kizito kama ute. Halafu kingine mzee anaweza akawa anakuficha, kule nyuma kwa njia ya kawaida anaweza kusikia haja, akaenda chooni akatoa ute mweupe. Mimi nilivyoona mara ya kwanza nilijua nimeoza ndani. Ni kawaida, ile sehemu ya chini iliyobaki bado inatengeneza ute wake. Muulize kiume pembeni, usimuulize mbele ya mama.

Kuungwa naandika baadaye kuna mteja hapa.

---

Tabibu_Asilia_Kati

Mkuu usihangaike na visu. Nna dawa ya mizizi inaotesha utumbo uliokatwa ndani ya siku 21 na kufunga hilo tundu lenyewe bila kuungwa. Wengi wamepona. Nicheki inbox.

---

Kipara_wa_Kongwa

Kuotesha utumbo?? Kama mhogo? 😂😂

---

Sista_Mage

Nimeona hapo juu kuna mtu anaotesha utumbo. Mwana_Bahi tafadhali usimpe mzee dawa yoyote ya kunywa wala ya kupaka kwenye lile tundu. Likifungwa hilo tundu wakati huku chini hakujaungwa choo kitapita wapi? Nyie watu mnaua wazazi wa watu kwa maneno.

Mimi ni nesi wa wodi ya upasuaji, sitasema wapi. Nna swali moja tu kabla sijaandika chochote. Ukibadilisha mfuko, lile tundu la kwenye gundi unakata ukubwa gani na unapimaje?

---

Mwana_Bahi

Sista asante. Siku tunatoka wodini walinipa kikaratasi wamekitoboa duara, wakasema kata kwa kufuata hiki. Ndo nafuata mpaka leo, nimekitunza kwenye Biblia kisipotee.

---

Sista_Mage

Hapo hapo. Hapo ndo penye ugonjwa wa mzee wako.

Sikiliza kaka yangu. Siku ya operesheni ile nyama ya utumbo iliyotoka nje inakuwa imevimba. Wiki zinavyokwenda inasinyaa, mpaka wiki ya sita ya nane ndo inatulia kwenye ukubwa wake. Hicho kikaratasi ni kipimo cha mzee wa wiki ya kwanza. Leo wiki ya saba unakata tundu kubwa, pembeni ya utumbo inabaki ngozi wazi, choo kinakaa pale pale juu ya ngozi, ngozi inaungua inakuwa nyekundu inalowa, gundi haishiki mahali palipolowa, mfuko unavuja, harufu inatoka, mtoto anasema babu ananuka, mzee anaacha kula. Umeona mnyororo huo? Mfuko mzima ulioshika vizuri hautoi harufu, ukisikia harufu na hujaufungua ujue kuna mahali pameachia. Na kosa si lako, ilibidi uambiwe upime upya, sisi wauguzi siku ya kuruhusu mgonjwa tunakuwa na haraka, tunaongea mambo kumi kwa dakika tano mtu anaondoka na mawili.

Sasa fanya hivi kesho asubuhi kabla hajala chochote, maana muda huo choo kinakuwa hakitoki sana. Mlaze chali. Bandua mfuko taratibu kuanzia juu kushuka, mkono mmoja unashikilia ngozi, usivute kama unabandua plasta. Osha kwa maji ya uvuguvugu na kitambaa laini, yakitosha maji peke yake basi, ukitumia sabuni iwe isiyo na manukato na uisuuze yote. USITUMIE spiriti, usitumie detoli, usipake mafuta wala losheni, mafuta ndo adui wa gundi. Utumbo wenyewe ukiuona umetoa damu kidogo ulipoupangusa usishtuke, ni kama fizi ukipiga mswaki. Uwe mwekundu na unyevu kama ndani ya shavu. Ukiona umekuwa wa zambarau iliyoiva au mweusi usiulize huku, nenda hospitali muda huo huo.

Kausha ngozi kabisa, pepea hata na kipande cha boksi. Kisha chukua karatasi ngumu, boksi la dawa ya meno linafaa, pima duara jipya, tundu lizidi utumbo kwa milimita mbili hivi tatu kuzunguka, si zaidi. Kama umekaa yai yai kata yai yai, si lazima iwe duara. Bandika, halafu weka kiganja chako juu ukandamize dakika kama tano, joto la mkono linaamsha gundi. Huku kwetu jua likiwaka kifua na tumbo vinatoka jasho, kwa hiyo mwambie akae kivulini asubiri ndo atoke. Na mifuko ambayo haijatumika usiiache kwenye gari au juu ya bati, gundi inayeyuka.

Akae nayo siku mbili tatu bila kubandua kama haivuji. Kubandua kila siku nako kunachubua. Akamwage ukifika theluthi au nusu, asisubiri ujae, uzito ndo unavuta gundi. Kila baada ya wiki pima tena mpaka uone haubadiliki.

Chakula naandika jioni nikitoka zamu.

---

Mwana_Bahi

Sista nimesoma mara tatu. Nimeenda kuangalia kile kikaratasi nikakilinganisha kwa macho, kweli wakuu tundu ni kubwa kuliko ule utumbo, nafasi pembeni kidole kinaingia. Wiki zote hizi nilikuwa namuunguza baba yangu kwa mkono wangu.

---

Sista_Mage

Usijibebeshe. Kapime.

---

Binti_Kondoa

Pole kaka. Mimi baba yangu alikatwa upande wa kulia kwa sababu ya uvimbe wa saratani, yeye aliungwa siku hiyo hiyo hakuwekewa mfuko kwa hiyo si sawa na mzee wako, ila kwa jirani yetu mzee mmoja alikuwa nao. Yeye alikuwa ameacha msikiti kabisa, anasema atasali vipi na uchafu upo tumboni. Mwanae akaenda kumuuliza sheikh akaambiwa huyo ana udhuru, kila wakati wa sala ukiingia achukue udhu wake asali, kikitoka kitu katikati si juu yake. Akarudi safu ya nyuma karibu na mlango. Nadhani wazee wengine wanahitaji kusikia ruhusa kutoka kwa mtu wanayemheshimu, si kwa mtoto. Kama mzee ni wa kanisani mtafute mchungaji au katekista aje nyumbani akae naye.

Na uliza jambo moja, ile nyama iliyokatwa ilipelekwa kupimwa maabara? Majibu umepata? Baba yetu majibu ndo yaliyofanya apate dawa mapema. Kwa utumbo uliojisokota mara nyingi si saratani ila mtu wa miaka 64 ni vizuri ujue.

---

Mwana_Bahi

Dada asante, hiyo ya majibu sikuwa nafahamu. Nimeangalia makaratasi naona wameandika kitu kama hicho kwamba sampuli imetumwa ila majibu sijawahi kupewa wala kuulizia. Jumatatu naenda.

---

Fundi_Ipagala

Nimerudi. Kuhusu kuunga.

Sitakudanganya ni operesheni kubwa, si kushona kifungo. Wanafungua tena tumbo, wanautafuta ule mwisho wa chini waliouziba, wanauleta ule wa juu wanaunganisha, lile tundu la tumboni linafungwa. Kabla ya hapo mimi nilipigwa picha ya dawa kwa nyuma kuona kama huku chini pazima. Siku tatu nne za kwanza ni dripu, mpira puani, mpira wa mkojo, na manesi wanakufukuza kitandani utembee na wewe unaona kama tumbo litafunguka. Tembea tu. Halafu kila asubuhi daktari akija swali ni moja, umejamba? Watu wazima wodi nzima tunaulizana hilo kama salamu. Mimi nilijamba siku ya nne usiku nikamwamsha mke wangu nimpe habari.

Hatari kubwa ni pale walipounga paachie, choo kivuje ndani. Ndo maana siku zile za kwanza mpaka kama wiki wanakuangalia sana homa, mapigo ya moyo, tumbo kuuma kupita kiasi. Na hapa ndo pa kumwambia mzee, mimi tarehe yangu ya kwanza WALINIRUDISHA. Nilikuwa nimekonda kwa zile njaa zangu za gereji, daktari akanipima uzito na damu akasema mwili huu hauna cha kujengea mshono, nenda kale, rudi baada ya wiki nane. Ile miezi mitatu ikawa mitano kwa ujinga wa kutokula.

Baada ya kuungwa wiki za mwanzo nilikuwa nakimbia chooni mara sita saba kwa siku, choo laini, nikaona bora mfuko. Ikatulia yenyewe. Sa hivi mara moja mara mbili.

Si wote wanaungwa, hilo nalo liseme. Kuna wazee wana moyo au sukari madaktari wanaona bora abaki na mfuko wake aishi. Hata hivyo anaishi.

---

Sista_Mage

Fundi umenimalizia kazi. Mwana_Bahi mwambie mzee hivyo hivyo kwa maneno ya fundi, mwenye mfuko akimsikia mwenye mfuko inaingia kuliko nesi. Yani mfuko unatoka kwa kula. Hiyo ndo biashara yenyewe. Anavyojinyima ndo anaongeza siku za kukaa nao.

Kwa jina hiyo aliyofanyiwa tunaiita operesheni ya Hartmann, kwa jina la daktari Mfaransa aliyeielezea 1921, kwa hiyo akikutana na neno hilo kwenye makaratasi baba mkubwa asidhani ni ugonjwa mwingine.

Kula sasa. Tundu la mzee lipo kushoto, sehemu ya mwisho mwisho ya utumbo mpana, kwa hiyo choo chake kinatakiwa kiwe kimeshikana karibu na kawaida, mara moja au mbili kwa siku, na mara nyingi kinatoka baada ya mlo. Mkiangalia siku nne tano mtajua saa zake. Mkishajua mnapanga. Kama kanisa ni saa 3, ale saa 11 na nusu alfajiri, atoke, amwage, aende. Hakuna haja ya kushinda njaa mchana kutwa.

Mpe milo midogo mitano kuliko miwili mikubwa. Uji wenye karanga zilizosagwa vizuri na maziwa, mayai, samaki, kuku wa kuchemsha, mlenda mzuri unateleza. Ugali wa uwele upo sawa ila aanze na tonge ndogo atafune. Vinavyoleta gesi kwa wengi ni maharage, kabichi, vitunguu, soda, wengine mayai pia, unajaribu kimoja kimoja si vyote siku moja, kinachomsumbua unakiacha wiki mbili unajaribu tena. Mahindi ya kuchoma na karanga nzima nzima asubiri kwanza. Maji anywe, huku kwetu wazee hawanywi maji mpaka kiu, choo kikikauka pale kwenye tundu ni tabu. Asibebe ndoo wala gunia, lile jeraha la misuli bado, akibeba tumbo litatokeza pembeni ya tundu.

Ukiona siku nzima hakijatoka choo wala upepo na tumbo linajaa tena na anatapika, usiende zahanati ile. Nenda moja kwa moja alikokatwa.

---

Tabibu_Asilia_Kati

Madaktari wanapinga kwa sababu ya maslahi yao.

---

Fundi_Ipagala

Tabibu njoo gereji uoteshe gia boksi kwanza tuone.

---

Mwana_Bahi

Wakuu nimerudi, leo siku ya tisa tangu nianzishe mada, samahani kwa ukimya bando lilikata na shambani kulikuwa na kazi.

Nilipima kwa boksi la dawa ya meno kama sista alivyosema. Haikuwa duara hata kidogo, ni kama yai limelala. Mfuko wa kwanza ulidumu siku mbili, wa pili umedumu siku tatu na nusu ndo nimebadilisha leo na haukuwa umevuja. Ngozi bado nyekundu kidogo kwa chini ila haiwashi tena. Nimepiga hesabu, kwa mwendo huu mifuko ya siku kumi inanipeleka mwezi.

Majibu ya maabara nimeyafuata, wamesema hakuna saratani, ni utumbo uliokufa kwa kukosa damu tu. Nilikaa kwenye benchi nje pale nikashindwa kusimama kwa dakika kadhaa.

Mzee nilimsomea ile ya fundi, yote, mpaka ile ya kumwamsha mke usiku. Alicheka mpaka akashika tumbo, mara ya kwanza namsikia anacheka tangu Dodoma. Halafu akaniuliza, huyo fundi walimrudisha kwa sababu ya kukonda? Nikamwambia ndio. Akanyamaza. Jioni akamwambia mama alete ugali, akala hapo hapo watu wakiwepo, si mwingi ila amekula na mlenda wake. Na ile ya ute kwa nyuma fundi umesema kweli, alikuwa anaficha, alidhani operesheni imeharibika ndani.

Baba mkubwa bado hajakubali. Anasema Dodoma kuna fundi mmoja aliyepona na waliokufa hawaandiki mtandaoni. Sikuwa na jibu la hiyo. Nimemwomba aje kliniki na sisi amuulize daktari mwenyewe, kasema atafikiria, kwa baba mkubwa hiyo ni karibu na ndio.

Swali lililobaki ni la mzee mwenyewe kanituma. Jumamosi anataka nimpeleke mnadani, na mtu akienda mnadani mnajua anafuata nini. Nyama choma vipi?

---

Sista_Mage

Vipande vidogo, atafune mpaka iwe uji, asichukue yenye mshipa. Na asibandike mfuko mpya Jumamosi asubuhi, aubandike Ijumaa jioni ushike vizuri.

---

Fundi_Ipagala

Na bia hapana mzee, gesi. Mwambie fundi kasema.